Moto wa Jikoni kwa Mtawala Ludolf

Waombolezaji wenzangu wa Wolkenrode, pamoja na ninyi wageni wa Hartlau mliosimama mlangoni, marehemu Mtawala Ludolf Gebhard alizaliwa tarehe 9 Machi 1702, katika ngome yetu hii, akiwa mtoto wa pekee wa Mtawala Eberwin, aliyemwachia nchi ambayo farasi mzuri huivuka yote kabla ya chakula cha mchana, na majirani wenye uchu wa ardhi.

Alisomeshwa na mchungaji wetu hadi mwaka 1719, kisha akaenda Jena kujifunza sheria, akarudi hodari wa karata, akashika utawala mwaka 1726, akajenga daraja la Mto Lohm, na akatia saini mkataba na Mtawala wa Hartlau, kwamba kati yao, atakayekufa bila mtoto wa kiume, hata aliye tumboni, nchi yake itachukuliwa na mwenzake. Alikuwa kijana, hakuwaza kufa.

Tarehe 4 Mei 1728 alimwoa dada yangu Sidonie, wakajaliwa Amalie, Jutta na Ernestine, mabinti aliowapenda kweli, ingawa kila mmoja alipozaliwa, kule Hartlau walifungua divai.

Januari hii ya 1741 alianguka kutoka kwenye farasi akiwinda, akaumia kifua, na alfajiri ya tarehe 2 Februari akafariki, mkono wake ukiwa juu ya tumbo la mkewe, mjamzito wa miezi minane, akisema, "Mke wangu, wasizime moto." Maana kwa desturi, anayetwaa nchi hukata kibanzi cha lango la ngome kuonyesha kuwa ni yake, kisha huzima moto wa jikoni na kuwasha wake. Kibanzi walishakata, na Bwana Trautvetter, ofisa wa Hartlau, aliingia jikoni na ndoo ya maji, akamkuta dada yangu ameketi mbele ya meko.

"Sogea, bibi, mambo yamekwisha."

"Kwako labda. Mwaga, bwana, ila utaanza na mimi."

Tangu siku hiyo hajaondoka pale.

Tunamshukuru Daktari Wendelin, majirani waliobeba kuni kwenye theluji, na wapishi wanaopika wakimzunguka bila kunung'unika. Kiti cha mjane mnakiona kitupu, msimlaumu, uchungu umemshika tangu asubuhi, na mkunga yuko naye hukohuko jikoni. Kengele ya ngome ikilia mara moja, ni binti, na Bwana Trautvetter, ndoo yako unayo. Ikilia mara mbili, hayo maji mnyweshe farasi wako, safari ya kwenu ni ndefu.

Ludolf, shemeji yangu, wewe pumzika kwa amani. Sisi tunasikiliza kengele.