Nusu Niliyoizuia kwa Sababu ya Mbolea

Amani ya Mungu iwe juu yenu, Papa na Mama mliokusanyika. Kabla hatujagawa zaka ya mavuno haya, nimeomba nafasi nisimame. Mnanijua kama mwalimu wa watoto wenu. Leo sisimami kufundisha. Namshukuru Mungu aliyeniacha hai mpaka nikapata nguvu ya kuona aibu mbele yenu.

Mnakumbuka msimu ule monitere, mshauri wetu wa kilimo, alipotuletea mbolea nyeupe, inayofanana na chumvi. Kwenye shamba langu ng'ambo ya mto Lukuga alitupimia kwa kopo la sadini, kopo moja kwa kila mstari, na mahindi yaliitika vizuri. Nikajiambia: kama kopo moja limenipa kikapu, makopo mawili yatanipa vikapu viwili. Nikachukua mifuko kwa mfanyabiashara wa mjini, tukapatana nimlipe kwa mahindi.

Mke wangu alikuwa na kipande chake cha karanga, ambacho kila mwaka tulibadilishana: penye karanga mwaka huu, mahindi mwaka unaofuata. Nikamwambia mwaka huu ni mahindi matupu.

"Papa," akasema, "karanga njo zinalisha ule udongo. Ukiziondoa, mahindi yatakula nini?"

"Yatakula mbolea," nikamjibu, na nikacheka. Akiba ya mbegu zake tukaikaanga tukaila.

Ndugu zangu, nawaambia, mahindi yale yalipanda mpaka wapita njia wakaniuliza kama mwalimu ameanza kufuga msitu. Lakini kopo la pili lililisha majani tu. Mavuno yalizidi kidogo yale ya kopo moja. Na kwa kuwa kila mtu kandokando ya reli alikuwa na mahindi, mnunuzi pale stesheni akashusha bei, hata deni la mbolea likahitaji mahindi mengi zaidi. Mfanyabiashara alipobeba fungu lake, rundo langu lilibaki dogo kuliko miaka nilipokuwa nalima kwa jembe na mvua peke yake.

Hapo ndipo ukafika wakati wa zaka. Mimi mwenyewe niliwafundisha: shamba linalonyweshwa na mvua hutoa sehemu moja katika kumi, na linalonyweshwa kwa maji ya kuteka kwa taabu hutoa nusu ya hiyo. Shamba langu lilinyweshwa na mvua ya Mungu. Lakini nilikaa mbele ya rundo langu nikajiambia kwamba mbolea ndiyo ndoo yangu, ndiyo taabu yangu. Hakuna mwalimu aliyenifundisha hivyo, na sikumwuliza yeyote kwa sababu nilijua angenijibu nini. Nikatoa nusu. Nani angenikagua, wakati ni mimi niliyewapimia nyote?

Mama mmoja mjane, anayelea wajukuu, alikuja na kikapu chake kupokea fungu lake la zaka. Aliondoka kikiwa hakijafika nusu.

"Mwalimu, mwaka huu mvua ilikusahau?" akaniuliza.

"Mvua ilikuja, Mama. Lakini mbolea ina gharama yake."

"Basi Mungu akurudishie."

Aliniombea kwa moyo safi, na dua ile ilinichoma kuliko tusi. Hata hivyo sikurudi nyuma. Baadhi yenu mlionunua mbolea mlikuja kuniuliza kama nanyi mtoe nusu. Nikaitikia kwa kichwa. Sikuthubutu hata kulisema kwa mdomo.

Mwaka uliofuata sikuwa na uwezo wa kununua mbolea. Nilipanda mahindi palepale, yakatoka ya njano, membamba, na udongo ukaninyima. Mbegu za karanga hazikuwapo. Tulikula sombe, majani ya muhogo, bila karanga, na mke wangu hakunilaumu hata siku moja. Ingekuwa nafuu kama angenilaumu.

Ndipo yule mama akaja na kikapu kilekile. Kilijaa karanga zenye maganda.

"Hizi ni za mbegu," akasema. "Musizikaange."

Nikamwambia karanga hazimo katika zaka, kitabu tulichosoma hakimlazimishi.

"Najua, Mwalimu. Weye njo ulitufundisha. Lakini hakikunikataza."

Niliketi chini pale mlangoni. Nikamweleza yote: mvua, ndoo niliyoibuni, nusu iliyokuwa yake na ya wajukuu wake. Akaniuliza, "Na wengine wanajua?" Nikasema hapana. "Mimi nimesikia," akasema. "Wao bado."

Ndugu zangu, nilichelewa. Nilipanda karanga zile, na msimu huu mahindi nikayapanda juu ya udongo ule zilikotoka karanga, kwa kopo moja tu la mbolea. Yametoka mazuri. Wakati huo wote nilijidanganya kwamba nasubiri kupata cha kulipa. Ukweli ni kwamba niliogopa macho yenu.

Mbolea si adui. Kopo la kwanza linalipa, ila la pili lipime kabla hujalikopa, na usiziondoe karanga shambani kwa tamaa ya mahindi. Na hasara ikitokea, iwe yako. Usiichote katika kikapu cha maskini.

Namshukuru mke wangu aliyenivumilia. Namshukuru yule mama, naye yumo humu ndani, sitamtaja. Ninyi mliotoa nusu kwa sababu ya kichwa changu kilichoitikia, kosa si lenu. Nusu zenu nitazilipa mimi, msimu kwa msimu, Mungu akinipa uhai.

Zaka ya leo naomba apime mtu mwingine. Aanze na mahindi yangu niliyoyaleta, yako pale mlangoni, na apime nikiwa nimesimama mbele yenu hivi.