Miaka Tisa ya Kumngojea Kambale

Bwana wetu apewe sifa, ndugu zangu! Apewe tena, maana mara ya kwanza wengine mlikuwa bado mnatafuta viti.

Mimi ni Ngoie, Félicité kwa jina la ubatizo, wa hapa hapa Naviundu. Wengi mnanijua kwa samaki ninaouza sokoni Kampemba, wengine kwa kwaya. Leo sitaimba. Leo nataka kusema namna Mungu alivyonifungua kutoka kwa mwanaume niliyempenda miaka tisa, mwanaume aliyekuwa akienda na kurudi, akienda na kurudi, mpaka nikasahau kuishi katikati. Na kabla sijaanza nawaomba kitu kimoja: msimchukie. Kama mnangoja nimwite shetani, mtangoja bure. Shetani hakuwahi kunichekesha vile.

Jina lake Kambale, mtu wa Butembo, kule Kivu ya Kaskazini. Baba yake alikuwa na depo Kampemba, akiuza mchele na mafuta kwa jumla, na yeye ndiye aliyehangaika na malori. Nilikuwa na miaka ishirini na sita, na meza yangu ilikuwa mbele ya depo yao. Siku moja samaki walikuwa wamefika asubuhi kutoka Pweto, wakavu, wazuri, wametumwa na mama mudogo wangu, mdogo wake mama, ambaye huwakausha huko ziwani. Mvua ikashuka bila salamu. Samaki mkavu akilowa, basi tena! Nikajitandaza juu ya meza na kikwembe changu, kitenge nilichojifunga, kama kuku anayefunika vifaranga. Mara nikaona giza juu ya kichwa. Kambale alikuwa amefunga turubai la lori kwenye nguzo upande mmoja, upande mwingine ameushika kwa mikono, na mvua yote inampiga yeye.

"Mama ya samaki," akasema, "toka apo! Weye utaoza mbele ya samaki kuoza."

"Miye siko mama. Niko mademoiselle."

"Basi, mademoiselle, saidia kushika. Mukono inachoka."

Tulisimama pale mpaka mvua ikaisha, na ilipoisha hakuna aliyeliachia lile turubai. Ndugu zangu, nikisikia harufu ya mvua juu ya vumbi jekundu la mji huu, hata leo, nageuka nyuma kidogo. Mungu ananijua, sitamficha.

Ile miaka miwili ya kwanza ilikuwa mizuri. Nasema mbele ya madhabahu: ilikuwa mizuri! Jumamosi, tukishafunga meza, tulitembea polepole mpaka daraja la mto Naviundu na mahindi ya kuchoma. Alikuwa na tabia ya kunipa upande ulioiva vizuri, yeye akabaki na ule ulioungua. Tulichekana kwa Kiswahili chetu. Ugali yeye aliuita bugali, mimi nauita bukari. Alidai sisi watu wa Lubumbashi tunaharibu lugha ya watu, mimi nikamwambia lugha ilishuka hapa kwa reli pamoja na babu yangu, aliyetoka kaskazini kuja kufanya kazi ya treni, na kwamba wao waliokota kilichobaki njiani. Siku moja akiwa mezani na baba yake alijisahau akasema "bukari". Mzee akaacha kutafuna. Akamwangalia mtoto wake muda mrefu, akasema tu, "Huyu dada ni nani?" Kambale alinisimulia habari hiyo akicheka mpaka akakaa chini.

Kisha mzee akafariki. Kambale akasindikiza mwili mpaka Butembo. Alisema atakaa majuma mawili. Baada ya miezi miwili nikapata ujumbe kwenye simu: "Fely, familia inapenda niikale huku. Usiningojee." Nililia mezani siku nyingi. Wateja walisema samaki wangu hawahitaji chumvi tena.

Baada ya mwaka mmoja na zaidi, nainua macho, yeye huyo amesimama mbele ya meza. Mkononi ana jibini ya Masisi imefungwa kwenye gazeti. Akauliza, "Habari ya samaki?" kama mtu aliyetoka asubuhi kwenda kukata nywele. Nami, ndugu zangu, ningepaswa kumwuliza mambo mengi. Nilicheka! Nilicheka, nikachukua jibini. Hapo nilimfundisha njia: enda, rudi, mlango uko wazi.

Sasa nitasema ile siku ya viti, ingawa mama yangu yuko hapa na hapendi niiguse. Kambale alisema atakuja na wakubwa wa ukoo wake kujitambulisha kwetu. Mama alipika toka alfajiri. Wajomba wawili walitoka Likasi wamevaa suti. Tulikodi viti ishirini, tukavipanga uani, kumi upande huu, kumi upande ule. Saa sita, hakuna mtu. Saa nane, simu yake imezimwa. Saa tisa majirani wakaanza kuchungulia juu ya ukuta. Mjomba mkubwa alivua koti, akalikunja polepole juu ya magoti, akasema, "Tule. Chakula hakikumkosea mtu." Tulikula sisi kwa sisi, upande mmoja wa ua, tukiangalia viti kumi vitupu. Sijapata kuona aibu kama ile.

Wakubwa wake walikuwa wamekataa, wakasema watamtafutia msichana wa kwao, naye akaona haya kuniambia. Akatorokea Butembo tena. Nilijua hayo miezi minane baadaye, aliporudi akalia mbele yangu pale depo, mwanaume mzima, katikati ya magunia. Mama alikataza asikanyage kwetu. Nikawa namwona kwa siri. Binti wa miaka thelathini na moja anayemficha mama yake kama mtoto wa shule!

Mnajua sala yangu ilikuwa nini miaka ile yote? "Bwana, murudishe." Nilifunga kula. Niliwasha mishumaa. Na kila alipoondoka, maana aliondoka tena na tena, nilianza upya: murudishe, murudishe. Mara mbili nilisimama papa hapa kutoa shukrani kwamba amerudi, nanyi mkanipigia makofi!

Mama Numbi ndiye aliyekata kamba ya kwanza. Mnamjua, fundi wa kushona, kiongozi wa kikundi chetu cha maombi, mtu asiyepamba maneno. Kambale alikuwa ameenda mara ya nne. Nilimletea ombi langu lile lile. Alikuwa anapiga pasi, hakuiweka chini. Akaniuliza, "Dada Ngoie, unamwomba Mungu amurudishe Kambale. Na weye, nani atakurudisha?"

Nilikasirika. Sikumsalimu majuma mawili. Lakini lile neno lilikaa ndani yangu kama mfupa wa samaki kooni.

Siku zile zile mama mudogo wangu wa Pweto akavunjika mkono. Hakuwa na mtu wa kumsaidia kukausha samaki. Mama akasema niende. Sikutaka! Nilihesabu hivi: Kambale akirudi asiponikuta mezani, itakuwaje? Mama hakubishana. Alinifungia mzigo, akauweka mlangoni.

Nilikaa Pweto miezi mitatu. Juma la kwanza, kila jioni nilipanda kilima ambako simu inashika mtandao, nikaishika juu hewani kama padri anayeinua kikombe. Hakuna kitu. Mama mudogo alinitazama nikishuka, akanipa kisu. Tulipasua samaki, tukawatia chumvi, tukawapanga juu ya vitanda vya matete, tukawageuza jua lilipogeuka. Mikono yangu ilinuka. Usingizi ulinirudia. Nilianza kuimba nikifanya kazi, na wanawake wa upande wa pili wakaitikia kwa Kibemba, nyimbo nisizozijua, nami nikajifunza. Halafu siku moja ya soko, nikiwa nafunga vikapu, mama mudogo akaniuliza, "Simu yako iko wapi?" Sikujua. Tuliitafuta, tukaikuta chini ya gunia la chumvi. Ilikuwa imezimika siku tatu.

Siku tatu, ndugu zangu! Mimi niliyelala nayo mkononi miaka ile yote! Nilikaa chini mchangani, nikacheka hadi machozi yakatoka. Mama mudogo akadhani nimeumwa na kitu. Nikamwambia, "Mama, naona Mungu amepita hapa, na miye sikumusikia."

Lakini hapo hapakuwa mwisho, na hii ndiyo sehemu iliyonipa shida kuja kuwasimulia.

Niliporudi Lubumbashi, Kambale alikuwa ananisubiri. Safari hii alikuwa mwingine. Ameshindana na wakubwa wake, amewashinda. Aliomba msamaha kwa mama, kwa magoti. Akasema Jumamosi ijayo wajomba wake wanakuja, kweli kweli, kila kitu kiko tayari. Kile nilichokiomba miaka yote kilikuwa kimekaa nyumbani kwetu kinanawa mikono! Mama, yeye aliyekuwa amemkataza, alipika bukari na samaki, akatuachia meza, akaenda uani akiimba.

Kambale alikula vizuri. Alikuwa na mvi mbili tatu ambazo sikuzijua, nikazipenda mara moja. Alikuwa anasimulia juu ya nyumba aliyoipata ya kupanga. Na mimi namsikiliza, naitikia, lakini kila pikipiki iliyopita barabarani, macho yangu yalikimbilia mlango. Ikapita ya kwanza. Ikapita ya pili. Ya tatu ikasimama karibu na lango letu, na moyo wangu ukaruka: amekuja! Amekuja nani? Kambale alikuwa ameketi mbele yangu, tonge mkononi. Alikuwa mbele yangu, nami bado namngojea.

Hapo nikaelewa. Niliweka mikono mezani.

"Kambale, nitakuambia neno. Usinikate maneno."

"Sema."

"Umerudia kweli, nakuona. Lakini miye sijui tena kuikala na weye. Ninajua kukungojea tu."

"Niko hapa, Fely. Siendi tena."

"Ninakuamini. Ni ile inaniumiza. Ukienda ku depo, nitakungojea. Ukienda kununua mukate, nitakungojea. Utachoka na bibi mwenye kukuangalia kila siku kama mutu wa kupotea."

Akarudisha tonge sahanini. Kisha akauliza kwa sauti ndogo, "Kuko mwengine?"

"Hakuna. Hakujakuwa mwengine hata siku moja."

"Ningekuya siku ile ya viti..."

"Ungekuya siku ile," nikasema, "leo tungekuwa na batoto batatu, na bote wanasema bugali."

Tulicheka, ndugu zangu. Tulicheka sote wawili, na kicheko kikageuka, tukalia. Alinawa mikono. Alitoka uani, akamshukuru mama kwa chakula, kwa heshima, kama mtu atakayerudi kesho. Kwenye lango alinishika mkono kwa mikono yake miwili, akaenda. Sikumwangalia mpaka mwisho wa barabara. Nilirudi ndani, nikatoa vyombo.

Mama aliposikia! Ee Bwana! "Weye iko na trente-cinq ans, miaka makumi tatu na tano! Bwana anakuya na bakubwa yake, unasema hapana? Unangojea nani tena, malaika?" Alikuwa na haki ya kuuliza. Nilimjibu, "Mama, singojei mutu." Hakunisemesha mwezi mzima. Tuliishi nyumba moja kama wapangaji wawili. Nilimwomba Mungu kwa sala mpya, fupi: nisimame tu, nisikimbie kumpigia simu. Zilikuwepo siku nilizofika hadi kubonyeza namba nne za mwanzo. Namba nne, Mungu akanishika! Halafu Jumapili moja, nimetoka misa, nikamkuta mama uani anachambua matembele. Hakuinua kichwa. Alisogeza beseni katikati, akanipa nafasi kwenye mkeka. Nikakaa. Tukachambua mpaka yakaisha, na alipoinuka akaegemea bega langu.

Kambale alioa mwaka jana, dada mpole wa kwao. Nilituma kikapu cha samaki wa Pweto kwenye feti yao ya ndoa, wale wakubwa, niliowachagua mwenyewe mmoja mmoja. Nililia nikiwachagua? Kidogo. Sitadanganya kanisani.

Basi namshukuru Mungu, aliyenifungua bila kunipokonya kumbukumbu zangu! Namshukuru kwa Mama Numbi na pasi yake, kwa mama mudogo na kisu chake, kwa mama yangu aliyenifungia mzigo nisioutaka. Na namshukuru kwa Kambale pia. Ndiyo, nimesema! Alinipenda jinsi alivyoweza.

Najua humu ndani yupo mtu ambaye simu yake iko mkononi hata sasa, chini ya kitambaa, anaichungulia. Sitakuangalia, usiogope. Sitakuambia umchukie huyo mtu wala umsahau. Nakuambia tu kwamba Yesu ana kazi na maisha yako leo, kabla huyo mtu hajarudi, na hata akirudi. Tunaomba kila Alhamisi baada ya soko, kwa Mama Numbi. Njoo. Hakuna atakayekuuliza mbona umechelewa.