Magimbi ya Chini ya Ukuta

Kijiwe chetu kiko Makandana: benchi moja la mbao na gogo la mkaratusi, mbele ya duka ambalo zamani lilikuwa la ushirika na sasa linauza mitumba. Bwawa la maji ya mji liko juu yetu, nyuma ya ukuta wa udongo uliojengwa enzi za mkoloni. Nyumba yangu ndiyo ya kwanza chini ya ukuta huo. Nyuma yake, migombani, nilimzika mke wangu Alinanuswe mwezi wa tano. Sasa ilikuwa Oktoba, nchi imekauka, mvua zinakaribia, na Tupokigwe muuza kahawa alikuwa ametuletea birika la kahawa na sahani ya magimbi.

Aliyeanza ni fundi Noah, tunayemwita Sementi.

— Leo nimepita juu ya ukuta. Mguu umezama mpaka kwenye kifundo.

— Mguu wako unazama popote, alijibu Asajile mwenye duka, ambaye kijiweni ni Soko Huria. — Ukuta ule umekomaa. Kitu kikizeeka kinakaza.

— Kama magoti yako?

— Magoti yangu yamekaza sana, ndaga, asante.

— Na mlinzi aliyekuwa akiukagua amepunguzwa kazi. Siku hizi anauza mchele Kyela.

— Vizuri. Bwawa nalo libinafsishwe. Aje mwekezaji, apige plasta, aweke taa. Maji yakijua yana mwenyewe hayatoroki.

— Maji yatajua?

— Mali ya mtu haiendi ovyo, Sementi. Ya serikali ndiyo inayovuja.

— Mvua ikimtangulia huyo mwekezaji?

— Ziwa Ngosi lina mhandisi? Lina bomba? Umewahi kusikia limepasuka?

— Ngosi limeshikwa na mlima. Hili limeshikwa na udongo wa kubeba kwa karai.

— Chini ya bwawa kuna tundu la volkano. Maji yakizidi yanashuka humo, yanatokea Kyela. Unadhani mpunga wa kule unaota kwa mate?

Tupokigwe alicheka, akammiminia Soko Huria kikombe kingine.

— Muulizeni Mwalimu, alisema Soko Huria. — Yeye ndiye anayelala chini yake.

Nilisema kwamba mwanangu Lugano anataka nihamie kwake Mbeya kabla ya mvua, na kwamba siwezi kumwacha mama yake peke yake.

— Waambie na habari ya maua, alisema Tupokigwe.

Niliwaambia tena. Niliyapanda mwenyewe kaburini baada ya matanga. Tangu mvua zikatike sijayamwagilia hata mara moja, na yamestawi.

— Huyo ni yeye, tata Mwalimu, alisema Tupokigwe. — Yule mama alikuwa mtu wa Mungu.

Katika hilo hakuna aliyewahi kubishana nami.

Ndipo akafika Belinda, nesi mpya aliyehamishiwa kwetu kutoka Singida. Alitusalimu kwa shikamoo, akaketi kwenye gogo, akaonja gimbi.

— Matamu. Umeyatoa wapi, dada?

— Pale chini ya ukuta wa bwawa, nina shamba langu. Kiangazi chote hayanyauki. Jembe linatoka na tope.

— Unamwagilia?

— Nimwagilie nini? Pamelowa penyewe.

Belinda alitafuna polepole. Alitazama barabara, vumbi lake, na majani ya migomba yaliyokunjamana upande wa pili.

— Sasa hayo maji yanatoka wapi?

Soko Huria aliliangalia gimbi alilolishika, akalirudisha sahanini. Tupokigwe aliinamisha birika juu ya kikombe cha mgeni. Yalitoka machicha tu.

Sementi alinigeukia mimi, akauliza kwa sauti ya chini.

— Mwalimu, pale kaburini, ukikanyaga panakuwaje?

— Laini, nilisema. — Nilidhani ni kwa sababu kaburi bado jipya.