Maziwa ya Sikio

Foleni ya basi pale mtaani Umoja haikuwa imesogea, lakini mdomo wa shosho, bibi kizee aliyesimama mbele yangu, ulishafika mjini. Alimwona msichana mdogo mwenye pamba sikioni, akamgeukia mamake. "Mafua yamemhamia sikioni. Mtilie maziwa ya mwenye kunyonyesha. Si yule pale?"

Mwanamke aliyekuwa akinyonyesha mtoto nyuma yetu akakaza leso yake upesi.

"Shosho, niache!" mama akafoka. "Mama mkwe alimtilia hayo hayo wiki nzima, akinikataza kwenda kwa daktari. Sasa usaha unatoka, na nikimwita mwanangu Kavutha upande huu hageuki!"

"Basi yalikuwa ya aliyezaa msichana. Msichana hutiliwa ya aliyezaa mvulana."

"Leo nampeleka kwa daktari, hata wakinifukuza kwa ndoa!"

Nilidhani shosho ameshindwa, kumbe alikuwa akimkagua mtoto upande wa pili. "Na hili lingine," akauliza, "mbona hamjalitia kitu, likingwe mapema?"

Basi likasimama. Mama akaliziba kwa kiganja sikio lililo zima la mwanawe, akampandisha bila kuaga mtu.