Breki za Kamioneti ya Wamaza

Tangu Régina azikwe, benchi la Kasimu muuza kahawa, hapa sokoni Kasongo, limekuwa benchi la mafundi. Hata mimi nisiyejua kushika spana nimekuwa fundi. Mumewe Zéphirin huja kuketi katikati yetu, na hakuna anayejua maneno mengine ya kumwambia ila ya breki. Gari lake kuukuu, alilonunua kwa mzungu wa pamba alipokuwa akirudi kwao Ulaya, lina breki za mbele za kuvutwa kwa vyuma vyembamba, nazo hazishiki. Kwa hiyo kwenye kila mteremko aliyeketi kando ya dereva huruka chini na kipande cha mti, akakimbia kukitupa mbele ya gurudumu. Siku zote huyo alikuwa Régina. Kwenye mteremko wa kivuko cha Lualaba, mvua ikinyesha na gari limejaa mchele, aliteleza, gurudumu likampitia.

Sasa Zéphirin alitaka breki mpya za mbele, za bei anayoiweza. Aliyeanza ni Pierre, tunayemwita Masini, yaani mashine, kwa sababu aliwahi kufagia gereji.

— Kule Wamaza, pembeni ya barabara, kuko gari, kamioneti yenye kufa. Iko na freni za mbele kubwa, za mafuta. Mwenyewe anaomba mbuzi moja tu.

— Zitaingia kwa gari yangu? Zéphirin aliuliza.

— Tutakata chuma kidogo. Zitaingia.

Sumaili, ambaye sisi humwita Kaporali ingawa jeshini alikuwa mpishi, alisema mafuta ya breki hayapatikani Kasongo, basi watie mawese. Masini akakataa: mawese yataharibu mipira, afadhali mafuta ya mbarika yachanganywe na lutuku. Kaporali, mtu wa swala tano, akasema gari likinyweshwa pombe yeye hapandi. Zamani tungecheka hadi kahawa itupalie. Siku hiyo tulimtazama Zéphirin, naye aliitikia kwa kichwa, mawese ndiyo, lutuku ndiyo. Roho iliniuma.

Walivyomwona anaitikia, wakazidi. Kaporali akashauri ngozi ya kiboko ibandikwe ndani ya breki, kwani kiboko akishika mtu hamwachii. Masini akasema gari lifungwe nanga nyuma, kama mitumbwi ya Nyangwe, dereva aitupe barabarani akiona bonde.

— Hata nanga nitafunga, Zéphirin alisema taratibu. Mutu asishuke tena. Ni ile tu ninatafuta. Mutu asishuke.

Kasimu alijaza vikombe ambavyo havikuwa vimenywewa.

Ndipo akatokea Mama Marie-Louise, mamake Régina, kitambaa cha matanga bado kichwani. Kwetu mama mkwe hasemi na mkwe wake ana kwa ana, na mwanamume akimwona humpisha. Zéphirin aliinuka akageukia ukuta wa kibanda cha kahawa. Mama hakumtazama. Alikuwa amesimama nyuma ya kibanda kitambo, na maneno ya breki aliyasikia yote. Alimkabili Masini.

— Baba Pierre, ile kamioneti ya Wamaza, ilikufa lini?

Aliuliza kwa upole, kama mtu anayeuliza njia. Masini aliinamia kikombe chake. Kaporali naye akainamia chake. Mimi nami nilijua, maana njia ya Kabambare, inayopita Wamaza, tumeipita sote, na kila mara tuliiona kamioneti hiyo imelala pale majanini na breki zake. Ilikufa kabla Régina hajaolewa, na miaka yote hiyo hakuna hata mmoja wetu aliyemtajia Zéphirin breki zake.

— Munisaidie tu, babazangu. Lini?

Zéphirin, uso wake ukutani, alianza kulia kwa sauti, na Mama Marie-Louise aliendelea kusimama, akingoja mmoja wetu amjibu.