Alice Driwaru, Mpimaji wa Watoto wa Koboko (1932–1978)

Mama yetu mdogo, Alice Driwaru, alizaliwa Vurra tarehe 14 Machi 1932, binti wa Mzee Ezati na Mama Candiru. Alisoma shule ya misheni hadi darasa la sita. Walimu walimpenda, ila mdomo wake uliwachosha.

Mwaka 1953 alifunga ndoa na Romano Okuonzi, fundi cherehani wa Arua. Mungu aliwajalia watoto wanne, mmoja alitangulia.

Alikuwa msaidizi wa mkunga Arua hadi 1972, alipohamishiwa Koboko kufuatilia watoto waliodumaa. Wazazi walisema ukoo wao ni wa watu wafupi tu. Alice alijua ni uji wa muhogo mtupu, asubuhi na jioni. Lakini alianza kwa kosa. Alikata tete mtoni, akaenda kwa Bibi Kulusum kumpima mjukuu wake Medina, mtoto wa miaka miwili mwenye urefu wa mtoto wa mwaka mmoja. Hakujua kwamba Waislamu wa mtaa ule hupima maiti kwa tete kabla ya kuchimba kaburi. Kulusum alimtimua na mwiko mkononi.

"Mtoto yangu iko hai! Wewe napima yeye kaburi?"

Kesho yake Alice alirudi, akajilaza kwenye mkeka barazani. "Mama, pima mimi kwanza. Kama mimi nakufa, usilete Medina."

Kulusum alimpima, kisha akangoja. Mwezi mzima alituma watu sokoni kuuliza kama yule mwanamke mbishi bado anatembea. Alipochoka kungoja, akamleta Medina mwenyewe. Wakampikia uji wa karanga, maharagwe na dagaa waliotwangwa. Kina mama wengine wakaanza kuleta watoto wao kila Jumatatu, na Kulusum akawa mpishi wao wote, mkali kuliko Alice. Medina ameanza shule mwaka huu.

Mwezi wa nne Alice aliugua kansa ya ini. Pale hospitali Arua aliuliza kila mgeni, "Nani napika?" Kulusum alipofika alimjibu, "Mimi iko napika. Wewe kula." Akala vijiko vichache. Alifariki Jumatano, tarehe 9 Agosti 1978. Tumeumia sana.

Ameacha mume, watoto watatu, Candia, Drateru na Okuonzi mdogo, na wajukuu watano. Tulimwomba Bibi Kulusum akae nasi hadi matanga yaishe. Amekataa. Jumatatu watoto wanakuja, asema, na "kilio haiwezi kushibisha mtoto."

Mungu ampokee Alice, ampe pumziko ambalo hapa duniani hakulitaka.