Andrea Pazi na Ngoma Saba za Jumapili

Jumanne tarehe 14 Oktoba 1913, yapata saa nne asubuhi, Mwajuma binti Pazi alikuwa sokoni Mkuyuni akiuza maharage, akamwona Hatibu, jirani wa kaka yake, akiteremka njia ya mlimani bila mzigo wowote.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Leo umekuja sokoni mikono mitupu?"

"Funga maharage, dada. Twende juu."

"Ni kaka?"

"Ni yeye. Mungu amemchukua alfajiri."

Marehemu Andrea Pazi alizaliwa yapata mwaka 1871, msimu wa kupalilia mtama, katika kitongoji cha Lusegwa, ng'ambo ya bonde linalotazamana na misheni ya Mlimbwa. Alikuwa mtoto wa kwanza wa Mwaisha, bibi yetu sisi wapwa zake. Ngoma alifundishwa na mjomba wake, kwani kwetu Waluguru urithi hupitia upande wa mama. Alibatizwa Pasaka ya mwaka 1894, akasoma shule ya misheni miaka miwili. Alijua kusoma, kuandika, na kuhesabu kwa Kijerumani mpaka mia.

Mwaka 1896 alifunga ndoa na Agnes. Siku ya harusi aliinuka mara tatu kwenda kuzipasha moto ngoma zake, mpaka bibi harusi akamuuliza mbele ya watu, "Umenioa mimi au umeoa ngozi?" Walijaliwa watoto wawili.

Kazi yake iliyojulikana mlima mzima ilikuwa ngoma za Jumapili. Kuanzia mwaka 1898, kila baada ya misa, yeye na wenzake wanne walipiga uwanjani ngoma saba za kwetu, kwa mpango usiobadilika. Waliokuwa ng'ambo hawakuhitaji kuja, bonde liliwapelekea. Ya tano ikilia, watu waliinjika sufuria. Ya saba ilikuwa wimbo alioutunga bibi Mwaisha mwenyewe. Miguu yake haikuweza tena kuteremka bonde, kwa hiyo aliketi barazani akisubiri. Akiusikia alisema, "Haya, mwanangu mzima," ndipo akala.

Mabadiliko yalikuja polepole, hata hayakuonekana. Mwaka 1901 uliongezwa wimbo mmoja wa kanisa mwanzoni, na ili watu wasichelewe, marehemu akaondoa ngoma ya pili. Mwaka 1904 yalikuja matarumbeta mawili. Ikaondoka ya nne. Reli ilipofika Morogoro, yalikuja matarumbeta mengine sita, na marehemu akafundishwa kuyaongoza. Alipenda kazi hiyo, wala hatutaficha. Kila mwaka alisema, "Tupunguze moja tu, watu hawatajua." Mwanzoni mwa mwaka 1910 ilibaki ya saba peke yake. Jumapili ya tarehe 9 Januari, wakijiandaa kwa sikukuu ya Kaisari wa Wajerumani, akaiondoa nayo.

Bibi alimtuma Mwajuma kuvuka bonde. "Mama anauliza, umekufa? Tangu Jumapili hali chakula vizuri."

"Mwambie mimi mzima. Sikukuu ikipita nitampigia."

Sikukuu ikapita. Jumapili iliyofuata matarumbeta yaliitwa mjini, naye akaenda nayo. Ijumaa ya tarehe 4 Februari bibi Mwaisha akafariki, hajapigiwa.

Baada ya arobaini marehemu alimwendea padri, akaomba ngoma zirudi. Padri akamjibu kwa upole, "Andrea, mimi sikuzikataza. Kila mwaka ni wewe uliyekuja kuniambia tupunguze." Neno hilo alilirudia nyumbani mara nyingi, bila kumlaumu padri.

Alianza kutafuta. Kati ya wenzake wanne, wawili walikuwa wamekufa, mmoja yuko relini, na mmoja amehamia pwani. Ngozi zilikuwa zimeliwa na panya. Kwa miaka mitatu, yeye na Mwajuma walizikumbuka ngoma nne, tatu hazikupatikana. Alikusudia kuanza kuwafundisha vijana sikukuu ya Watakatifu Wote. Mwezi Septemba kichomi kikamlaza. Mkewe alimfunga vitambaa vya moto, padri akampa mpako wa wagonjwa, na Jumanne alfajiri akakata roho, Agnes akiwa amemshika mkono.

Ameacha mjane, Agnes. Watoto, Leonard na Bernadeta. Dada yake, Mwajuma. Na sisi wapwa zake watano.

Leo, Jumatano tarehe 15 Oktoba, watani wa ukoo wetu ndio waliochimba kaburi na kulibeba jeneza. Njiani mtani Salehe alilishusha akagoma kuendelea. "Wee Andrea! Umewapigia Wazungu weee, leo akupigie nani?" Watu walicheka, wakampa pesa za utani, akaliinua tena. Matarumbeta yamepiga wimbo wa kanisa, vizuri, kama alivyoyafundisha. Mwajuma ametupa udongo wa kwanza, na watani wamelijaza kaburi.

Mungu amsamehe, ampe raha ya milele.